Josina Machel wa Nachingwea na funzo la kuupumzisha mwili

Msimu wa korosho ukifika, barabara ya Ruangwa hadi Nachingwea hujaa malori, na kila lori lina vijana wanaopakia na kupakua. Gunia likishuka kwa mkulima hupelekwa kwenye ghala la AMCOS, na kutoka hapo huingia kwenye mnada wa RUNALI. Kila hatua lina bega linalolibeba. Jioni baadhi ya vijana haohao huenda kunyanyua vyuma. Kwingine ni jimu yenye vifaa kamili, kwingine ni bomba lenye makopo ya saruji pande zote mbili, nyuma ya nyumba.

Wazazi wengi hujiuliza swali moja: mtoto wangu ananyanyua vyuma kila siku, mwili unamuuma kila siku, je, huko ni kujenga mwili au kuubomoa? Wagonjwa nao wana la kwao: nimechoka wiki ya tatu sasa, ni kazi tu au kuna ugonjwa?

Wiki hii tunayajibu maswali hayo kwa kupitia maisha ya mwanamke aliyefanya mafunzo magumu ya mwili hapohapo Nachingwea na akafariki akiwa na miaka 25. Jina lake ni Josina Machel.

Binti wa muuguzi

Josina Abiatar Muthemba alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945 huko Vilanculos, katika mkoa wa Inhambane, kusini mwa Msumbiji. Nchi ile ilikuwa bado koloni la Ureno. Baba yake alikuwa muuguzi katika hospitali za serikali, kwa hiyo Josina alikulia katika nyumba ambayo dawa na wagonjwa havikuwa vitu vigeni.

Akiwa binti mdogo alipelekwa mji mkuu, Lourenço Marques, ambao leo unaitwa Maputo, kuendelea na masomo. Huko alijiunga na umoja wa wanafunzi wa Kiafrika wa shule za sekondari, NESAM. Polisi wa siri wa Ureno waliufuatilia umoja huo kwa sababu ndani yake vijana walizungumza habari za uhuru.

Mwaka 1964, akiwa na miaka 18, yeye na wanafunzi wenzake walitoroka wakitaka kufika Tanganyika, yalikokuwa makao ya FRELIMO. Walikamatwa Victoria Falls, katika Rhodesia, wakarudishwa na kutiwa gerezani kwa miezi kadhaa. Mwaka uliofuata alitoroka tena, safari hii kwa kupitia Swaziland, na baada ya mzunguko mrefu alifika Dar es Salaam.

Dar es Salaam alipata kazi katika Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi iliyoongozwa na Janet Mondlane. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi akaikataa. Badala yake alijitolea kwenda kusini, Nachingwea.

Nachingwea ya mafunzo

Msomaji wa Nachingwea anaijua historia hii. Waingereza walifyeka mapori yake mwishoni mwa miaka ya arobaini kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga, ulioanguka baada ya miaka michache. Miaka ya sitini wilaya hiyohiyo ikawa na kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alikuwa mmoja wa viongozi wa mafunzo hayo. Samora naye alisomea uuguzi na kufanya kazi hospitalini kabla ya kuingia vitani.

Mwaka 1967 FRELIMO iliunda kikosi cha wanawake. Josina alikuwa mmoja wa wasichana 25 wa mwanzo waliopelekwa Nachingwea kwa mafunzo ya kijeshi ya miezi mitatu. Wanaume wengi walitilia shaka kama wanawake wangemudu. Wakamudu. Baadaye wanawake wa kikosi hicho walibeba silaha na chakula kwa miguu, wakalinda maghala, wakahudumia majeruhi na kulea watoto yatima.

Tusimame kidogo kwenye hiyo miezi mitatu, maana ndani yake mna somo kwa kila anayenyanyua kitu kizito.

Mtu anayeanza mazoezi mazito hupata nguvu ndani ya wiki chache za mwanzo, lakini nguvu hiyo haijatokana na msuli kuwa mkubwa. Ni mishipa ya fahamu inajifunza kuuamuru msuli vizuri zaidi. Msuli wenyewe huchukua muda. Mabadiliko ya kuonekana kwa macho huhitaji wiki sita, nane au zaidi. Kwa hiyo kijana anayetaka mabega yake yatune baada ya siku kumi, kisha anapoona hayajatuna anaongeza chuma na kufuta siku za kupumzika, anaudai mwili kitu usichoweza kumpa.

Kinachotokea ndani ya msuli

Unaponyanyua mzigo mzito kuliko uliouzoea, nyuzi za msuli hupata michubuko midogo sana isiyoonekana kwa macho. Akiba ya wanga iliyomo ndani ya msuli pia hupungua. Ukimaliza zoezi, msuli wako kwa wakati huo ni dhaifu kuliko ulivyokuwa asubuhi.

Nguvu huja baadaye. Mwili hutuma damu na chembe za ukarabati, huchukua protini uliyokula, huziba ile michubuko na kuongeza kidogo juu yake ili mzigo uleule usiusumbue tena. Kazi hiyo hufanyika ukiwa umekaa, unakula au umelala. Kwa maneno mengine, chuma humpa msuli sababu ya kukua, na mapumziko humpa nafasi ya kukua.

Maumivu ya misuli baada ya zoezi geni huanza saa 12 hadi 24 baadaye, hufika kileleni kati ya siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua na kuisha ndani ya siku tano hivi. Ndiyo maana mtu aliyelima shamba jipya Jumamosi huamka Jumatatu akiwa na hali mbaya kuliko Jumapili. Si kurogwa huko, ni mwendo wa kawaida wa mwili.

Basi upumzike muda gani?

Kanuni ya kutumia nyumbani ni hii: kundi moja la misuli lipewe angalau saa 48 kabla ya kulitumikisha tena kwa uzito. Kama zoezi lilikuwa zito sana, au wewe ni mgeni, au umri umesogea, liachie saa 72. Anayeanza anatosheka na siku tatu kwa wiki zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mzoefu anaweza kufanya siku nyingi zaidi ikiwa anabadilisha: leo mikono na kifua, kesho miguu.

Kupumzika si lazima kulala kutwa. Kutembea, kunyoosha viungo au kucheza kidogo kunasaidia damu izunguke na maumivu yapungue.

Kuna jambo ambalo vijana wetu husahau. Gunia la korosho halijui kwamba jioni utakwenda jimu. Mwili huhesabu mizigo yote pamoja. Kijana aliyebeba magunia tangu asubuhi amekwisha kunyanyua vyuma vyake vya siku hiyo. Vivyo hivyo kwa binti aliyechota maji. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na safari nne za kisimani ni zoezi la shingo, mgongo na miguu. Huyu akija kuambiwa ni mvivu kwa sababu amekaa, mzazi amekosea hesabu.

Watoto na vyuma

Mzazi, huenda umesikia kwamba vyuma humdumaza mtoto. Mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri hayamzuii mtoto kurefuka. Hatari iko kwenye mzigo uliozidi, mkao mbaya na kukosa msimamizi, kwa kuwa ncha za mifupa ya mtoto bado zina sehemu laini ambazo zikiumia huweza kuharibu ukuaji wa mfupa huo.

Kwa hiyo aanze na uzito wa mwili wake mwenyewe: kuchuchumaa na kusimama, kupiga pushapu, kuning'inia kwenye mti. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, siku zisizofuatana. Mtoto anayechezea timu ya shule na kuota kuichezea Namungo siku moja anahitaji siku za kupumzika kama anavyohitaji siku za mazoezi.

Vitu vitatu visiguswe na kijana bila daktari: sindano au vidonge vya kukuza misuli haraka, unga wa kopo usiojulikana ulikotoka, na dawa za maumivu kama diclofenac zinazomezwa kila siku ili mtu aendelee kunyanyua. Dawa hizo zikitumiwa ovyo huumiza tumbo, na zikikutana na mwili uliokaukiwa maji huumiza figo.

Chakula na usingizi

Msuli hautengenezwi na hewa. Bahati nzuri Lindi ina chakula chake. Karanga, ambazo Waingereza walishindwa kuzifanya biashara Nachingwea, zina takriban gramu 25 za protini katika kila gramu 100. Mbaazi, kunde, choroko, dagaa, mayai na samaki ni vya kwetu. Korosho mnayouza nje, bakizeni kidogo nyumbani. Baada ya kazi nzito, ugali au muhogo hurudisha akiba ya wanga ndani ya misuli, na kunde au dagaa huleta protini. Mtu aliyefanya kazi nzito na kula muhogo mtupu siku baada ya siku huchelewa kupona.

Usingizi nao ni dawa isiyouzwa dukani. Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayekesha na simu hadi saa nane za usiku na kuamka saa kumi na moja kwenda shamba, misuli yake haikupata fundi.

Mke, mama, kiongozi

Turudi kwa Josina. Baada ya Nachingwea kazi zake ziliongezeka haraka. Alifanya kazi ndani ya Msumbiji, katika maeneo yaliyokuwa yamekwisha kukombolewa, akisaidia kuanzisha vituo vya kulea watoto ambao wazazi wao walikufa au walikuwa vitani. Mwaka 1968 alikuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO. Mwaka 1969, akiwa na miaka 23 tu, alibeba majukumu makubwa: masuala ya wanawake katika uhusiano wa kimataifa, kisha masuala ya jamii, yaani afya na elimu ya watoto katika maeneo hayo.

Mwezi wa Mei 1969 aliolewa na Samora Machel huko Tunduru. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo alijifungua mtoto wa kiume, aliyepewa jina la Samora na kuitwa Samito.

Hapa kina mama watusikilize. Mwili uliojifungua nao ni mwili unaopona. Misuli ya tumbo na nyonga iliyotanuka kwa miezi tisa haifungi kwa wiki moja. Wiki sita za mwanzo ni za kupona, kuhudhuria kliniki na kutembea polepole. Ndoo kubwa, kuni na jembe vipewe wengine. Aliyejifungua kwa upasuaji husubiri zaidi, na aulize kliniki kabla ya kurudi kwenye mizigo. Mkojo ukivuja unapokohoa, au ukihisi kitu kinashuka ukeni, usione aibu. Mwambie mkunga, kwani yapo matibabu.

Uchovu usioisha

Mwaka 1970 Josina alianza kuumwa tumbo na kudhoofika. Alipelekwa Moscow kwa matibabu. Alirudi na ushauri wa kuangalia chakula chake na kupumzika.

Hakupumzika. Vita vilikuwa vinaendelea, watoto yatima walikuwa wanaongezeka, na kazi ilikuwa mikononi mwake. Alimwacha mtoto wake mdogo kwa rafiki, akaingia tena Msumbiji, akatembea kwa miguu katika maeneo ya Niassa na Cabo Delgado akikagua vituo na kuzungumza na wanakijiji. Aliporudi Tanzania mwanzoni mwa mwaka 1971 alikuwa amekonda na kuchoka sana. Mwanzoni mwa Aprili hali ikawa mbaya, akakimbizwa Muhimbili, na hapo alifariki tarehe 7 Aprili 1971. Samito alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache.

Safu hii haisemi kwamba mwendo ule ndio uliomuua. Alikuwa mgonjwa kabla ya kuondoka. Wala hatumlaumu, maana wenye kumhukumu mtu wa vitani wakiwa wamekaa kwenye kiti ni wengi kupita kiasi. Lakini wewe msomaji huko vitani. Ukiambiwa upumzike, una nafasi ya kutii. Na zaidi ya hapo, maisha yake yanatufundisha kutofautisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya: uchovu wa kazi na uchovu wa ugonjwa.

Uchovu wa kazi una sababu unayoijua. Ulibeba, ulilima, ulinyanyua. Maumivu yako kwenye misuli uliyoitumia, na hupungua kila siku. Ukila, ukinywa maji na kulala, baada ya siku mbili tatu unajisikia mtu.

Uchovu wa ugonjwa hauna adabu hiyo. Unaamka nao. Unapumzika wiki nzima na bado upo. Mara nyingi una wenzake: homa, kukonda, kukosa hamu ya kula, maumivu ya tumbo. Nyuma yake huweza kuwa malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari, ugonjwa wa ini, VVU au mengine. Kuyajua hayo ni kazi ya maabara, si ya jirani.

Nenda zahanati au kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya:

- Maumivu ya misuli yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku tatu, au yasiyoisha ndani ya wiki.
- Mkojo wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi baada ya kazi nzito au mazoezi. Hii ni dharura, nenda siku hiyohiyo. Misuli imevunjika kupita kiasi na mabaki yake yanaweza kuziba figo.
- Kiungo kilichovimba, kukaza au kufa ganzi.
- Maumivu ya kifua, kuzimia au moyo kwenda mbio wakati wa zoezi.
- Homa. Usinyanyue chochote ukiwa na homa. Pima kwanza malaria.
- Macho ya manjano, tumbo kujaa, au kukonda bila sababu.
- Uchovu uliodumu zaidi ya wiki mbili ingawa unapumzika.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa selimundu, tahadhari ni kubwa zaidi. Mtoto huyo anaweza kucheza, lakini kwa kiasi chake, anywe maji mara kwa mara, apumzike pale anaposema amechoka, na asilazimishwe kukimbia juani na wenzake. Mweleze mwalimu wa michezo mapema. Mtoto huyu akisema mwili unamuuma, msimwite mvivu.

Alichokiacha

Leo tarehe 7 Aprili ni Siku ya Wanawake wa Msumbiji, kwa kumbukumbu ya Josina. Shule kubwa ya sekondari jijini Maputo ina jina lake, na huko Luanda, Angola, iko hospitali yenye jina lake. Samora aliishi hadi tarehe 19 Oktoba 1986, alipokufa katika ajali ya ndege huko Mbuzini, Afrika Kusini.

Kazi aliyoianza ya vituo vya watoto haikufa naye, wengine waliipokea. Hilo nalo ni la kukumbuka ukiwa mgonjwa na unaona shamba, duka au familia haiwezi kwenda bila wewe. Mzigo unaweza kushikwa na mwingine kwa wiki chache. Mwili wako hauna wa kuushika.

Kwa hiyo wiki hii, mzazi, kaa na kijana wako mpange kwa kalamu siku zake tatu za vyuma na siku zake za kupumzika, mkihesabu pia magunia, jembe na ndoo. Na wewe uliyechoka kwa zaidi ya wiki mbili, usisubiri msimu uishe. Kesho asubuhi nenda kapime.